Ijumaa Ukurasa Ulipokataa Kufunguka

Rafiki yangu Sefu,

Ugonile. Salamu hiyo uliitamka kwa lafudhi ya Pwani hadi wauza vyungu wa Lyulilo wakacheka, nami nimeizoea hivyo.

Kwako ni wazima. Mpunga wangu wa Makwale umevunwa. Dukani yuko shemeji yako, ambaye hajui kubembeleza mteja. Bi Mwanaidi, mkeo, bado yumo edani. Ile kebo uliyoipitisha juu ya migomba kutoka chumbani kwako hadi sebuleni kwangu, ili tutumie intaneti moja, ingalipo.

Ninalotaka kukuarifu hasa ni la bintiyo. Zuhura amechaguliwa chuoni. Alitakiwa kuthibitisha nafasi yake katika tovuti ya chuo kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo ingepewa mwingine. Habari zilimfikia Alhamisi usiku, umeme ukiwa umekatika. Nawe unaujua mgao wetu: Ijumaa umeme ungekuwapo alfajiri hadi saa mbili asubuhi, kisha mji mzima ungekaa bila umeme hadi kesho yake.

Kulipopambazuka akaja kuniita. Ukurasa haukufunguka, kioo kiliandika kwamba ombi limekataliwa. Nikajaribu kwa kompyuta yangu, ikawa vilevile. Basi mashine yake haikuwa na kosa. Akaanza kukilaumu chuo. Nikamwambia asilaumu kabla ya kupima, nikafungua gazeti langu ninalolisoma mtandaoni. Nalo likakataliwa. Basi chuo nacho hakikuwa na kosa.

Ikabaki ruta yako, kile kidude kinachotugawia intaneti. Ruta iko chumbani, na chumbani yumo mwenye eda, nami mwanamume wa kando siruhusiwi kuingia. Nikasimama barazani kama mwombaji, nikimwuliza Bi Mwanaidi kupitia pazia la dirisha kama taa za ruta zinawaka.

"Zinawaka zote, Mwalimu. Hiki kidude hakijui kwamba mwenyewe amefariki."

Akakizima, akakiwasha. Ukurasa ukakataa tena. Zuhura akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio. Sefu, hapo nilikuhitaji sana.

Ndipo nikakumbuka kwamba gazeti langu hunikatalia kila Ijumaa asubuhi, na miezi yote hiyo nimekuwa nikiwalaumu wahariri. Kwa nini Ijumaa? Nikakukumbuka ukija kwangu umejaa ushindi, siku ulipochoshwa na wanao waliokuwa wakikaa kwenye kompyuta wakati wa swala. Ulisema, "Nimeifunga intaneti saa sita hadi saa nane, kila Ijumaa. Sasa wataujua msikiti." Ijumaa iliyofuata uliwakuta palepale, wanatazama mpira, ukarudi kuniambia, "Mwalimu, mashine hii haina dini."

Mashine ilikutii, rafiki yangu. Uliiandikia sita na nane kama tunavyohesabu saa sisi, nayo huhesabu kuanzia usiku wa manane. Sita yake ni alfajiri yetu. Ikawa inafunga milango wakati wanao wamelala, na kuifungua kabla hujatawadha.

Zuhura akaingia katika mipangilio ya ruta kwa lile neno lako la siri, ambalo ulimwambia kila mtu wa mtaa wetu wa Mbugani. Tulizikuta sita na nane zako zimeandikwa kwa utiifu. Tukaziondoa. Ukurasa ukafunguka, akathibitisha, jibu la chuo likaja kwamba amepokelewa. Hatukumaliza kulisoma mara ya pili, umeme ukakatika.

Nilimweleza mkeo dirishani jinsi ilivyokuwa. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike. Alisema, "Hata kufunga mlango alifunga upande wa pili," akacheka tena, na nadhani alilia pia, lakini pazia lilikuwa baina yetu.

Umeme uliporudi, Zuhura alisema tuiache ruta wazi siku zote. Nilimkatalia. Nikamwelekeza aandike kumi na mbili na kumi na nne, yaani saa sita na saa nane ulizozikusudia. Ijumaa iliyofuata, adhuhuri, wanao walitoka ndani wakinung'unika, wakatafuta kanzu zao.

Nami Mkristo mzee nimekosa gazeti la mchana kwa ajili ya msikiti wenu. Ndaga fijo, asante sana, Sefu. Pumzika. Maadamu niko hai, hapana atakayeigusa saa hiyo. Na kila Ijumaa ukurasa utakaponikatalia, nitavua miwani na kukaa nawe hadi saa nane.

Mwalimu, jirani yako