Mayai ya Mama Mbele ya Hakimu

Jumatano, tarehe 28 mwezi wa kwanza

Nimefua yunifomu. Nimesonga bugali. Nimepanga plato tupu za kubebea mayai ukutani, nzima upande huu, zilizochanika upande ule. Ndivyo ninavyofanya kila Jumatano, siku mzigo wa Mama unapofika kutoka Mahagi, mpakani.

Mzigo haukufika. Jioni Mama aliingia mikono mitupu. Fuso ilisimamishwa kwenye kizuizi cha kuingia mjini. Kuna agizo jipya la jimbo: mayai na kuku kutoka Uganda ni marufuku. Lilitiwa sahihi mzigo ukiwa umeshavuka mpaka, uko barabarani. Haidhuru, wamesema. Mayai yote yamefungiwa katika depo ya duane, ghala la forodha. Mlango umepigwa muhuri.

Mtaji wote wa Mama uko mle ndani. Hakula.

Alhamisi, tarehe 29

Wamesoma agizo kwenye redio. Sababu ya kwanza, ugonjwa wa kuku. Sababu ya pili, kusaidia wafugaji wa hapa. Papa Anselme, jirani yetu, ni mfugaji wa hapa. Kuku wake wako nyuma ya ua wetu. Aliongeza sauti ya redio ili tusikie vizuri. Kisha akaita juu ya ua:

"Mama Gracia! Sasa utauzisha nini? Maneno?"

"Nitauzisha weye," Mama akajibu. "Lakini nani atanunua?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Usiku Mama aliniambia waziwazi: mayai yakioza, baada ya Pasaka sitarudi shule. Nitaenda Marabo kwa shangazi, kulima. Sikulia. Nimekasirika tu.

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa pili

Jana wauza mayai wote walikuja uani kwetu. Kiongozi wao tunamwita Mama Prezida. Alileta avoka, wakili wa kututetea. Huyo tunamwita Metre tu, ndivyo mawakili wanavyoitwa hapa. Ni kijana, viatu vyake vimejaa vumbi, lakini anaeleza vizuri. Biashara na nchi nyingine ni mambo ya Kinshasa. Jimbo halina uwezo wa kuifunga. Kwa hiyo ataiomba mahakama ilifute agizo. Na kwa kuwa mayai hayangoji, ataomba kwanza lisimamishwe haraka.

Jina la Mama limeandikwa la kwanza, kwa kuwa ni mzigo wake peke yake uliofungiwa.

Leo shuleni nilimwomba mwalimu wa civisme, somo la uraia, Katiba. Tulitafuta pamoja wakati wa mapumziko. Tuliona. Iko pale, imeandikwa: biashara ya nje ni ya serikali kuu. Nilisoma mpaka kengele ikalia. Naamini tutashinda.

Ijumaa, tarehe 6

Leo tulikwenda mahakamani. Hakimu ni mzee, ana sauti ndogo. Avoka wa jimbo alisema hajapata karatasi zetu. Alikuwa amezishika mkononi. Nilimwona. Kila mtu alimwona. Hakimu akaahirisha wiki nzima. Kuahirisha wanaita rimize.

"Mayai haijue rimize," Mama Prezida alisema kwa sauti. Polisi alimwambia anyamaze au atoke.

Jumanne, tarehe 10

Solange, binti wa Papa Anselme, amekaa nami benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Leo aliwaambia wenzetu kwamba mayai yetu yana ugonjwa na kwamba nyumbani kwetu kunanuka. Darasa zima likashika pua.

"Batu ya Butembo," mvulana mmoja akasema, "mulikuja na mayai, mutarudia na mayai."

Mama alitoka Butembo. Mimi nilizaliwa hapa hapa, mtaa wa Nyakasanza.

Nimehamia benchi la nyuma. Namchukia Solange. Sijawahi kuandika neno hili juu ya mtu ninayemfahamu. Naliandika sasa, na halinisumbui.

Ijumaa, tarehe 13

Papa Anselme ameingia katika kesi kwa jina la wafugaji. Alivaa koti. Avoka wa jimbo alidai mayai yameshaoza, kwa hiyo hakuna haja tena ya haraka. Metre alisema ni mazima, akaomba mahakama itoke ikaone. Walipigiana kelele mpaka hakimu akapiga meza. Akasema Jumatatu mahakama itakwenda depo kuona kwa macho yake.

Mama alitabasamu. Mara ya kwanza tangu mzigo ukamatwe.

Jumatatu, tarehe 16

Niliomba ruhusa shuleni. Mwalimu alinipa.

Upande wetu ulitafuta gari la kumleta hakimu. Hapa ni hivyo: anayeomba mahakama itoke, ndiye anayeibeba. Karani alivunja muhuri. Joto la mle ndani lilinipiga usoni. Nilinusa kama mbwa. Harufu hakuna! Hakimu akaamuru mayai machache yapasuliwe ndani ya beseni. Viini vilisimama, vya mviringo, vizima.

Avoka wa jimbo akasema kuona si kula.

Mama alisikia. Alikuwa ameshawasha mbabula, jiko la makaa, nje ya mlango tangu asubuhi, ili awapikie waliokuja. Kwao Butembo mgeni hasimami juani bila kutiwa kitu kinywani. Alichukua mayai kutoka plato za juu, karani akiangalia, akayachemsha. Mimi niliyamenya. Tuliyaweka kwenye sahani na chumvi na pilipili ya kusaga. Hakimu alikataa kwanza.

"Muzee," Mama akamwambia, "siye hatujue kuacha mutu mu jua na tumbo wazi. Kula, tafazali."

Alicheka, akala moja. Akaongeza la pili. "Mama, hii mayai yako iko na utamu." Karani alikula. Metre alikula. Hata avoka wa jimbo alikula, matatu, na akaomba chumvi tena. Papa Anselme peke yake alikataa. "Siye tuko na kuku kwetu," alisema. Alisimama mbali, simu juu. Nilidhani anatafuta rezo, mtandao wa simu.

Tumerudi tukiimba. Hakimu mwenyewe amekula. Nani sasa atasema yameoza?

Ijumaa, tarehe 20

Hakuwa anatafuta rezo. Alikuwa anapiga picha.

Avoka wa jimbo alisimama na picha mkononi. Alisema hakimu amelishwa na mwenye kesi, tena amelishwa kitu kile kile anachotakiwa kukihukumu. Anaomba hakimu ajitoe.

Mama alisimama bila kuitwa. "Na weye ulikula tatu! Na chumvi uliomba!"

Chumba kizima kilicheka. Hakimu hakucheka. Avoka wa jimbo akageuka polepole: "Miye sihukumu, Mama."

Ni kweli. Yeye hahukumu. Nimelifikiria jibu hilo jioni nzima, sijapata mahali pa kulipiga. Linaniuma kwa sababu ni kweli.

Hakimu aliitazama picha. Kisha akafunga faili, akajitoa. Sasa mkubwa wa mahakama lazima atafute mwingine. Tarehe hawakutoa. Muhuri uliorudishwa mlangoni Jumatatu unabaki.

Jumapili, tarehe 22

Walikuja baada ya misa. Niliwatolea viti, hawakuketi.

"Weye njo ulituua," Mama Prezida akamwambia Mama. "Ulipikia juji sawa bwana yako!"

"Sasa mugeni nimuache na njaa?"

"Mugeni? Ile ni juji!"

"Juji hana tumbo?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema labda Papa Anselme amemlipa Mama aiharibu kesi. Huyo aliyesema hivyo, alipolazwa hospitali Mama alimtunzia mwanawe wiki tatu. Nilitaka kumtupia kiti.

Metre alikuja nyuma yao. Alizungumza kwa upole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jina la Mama likibaki, upande ule utaitoa picha mbele ya kila hakimu atakayekuja. Bora Mama ajitoe mwenyewe, kesi iendelee ikiwa safi. Nilimuuliza kwa nini yeye, mwenye masomo, hakuzuia ile sahani. Akasema: "Dada yangu, nilikuwa na njaa."

Karatasi ya kujitoa ilikuwa ya Kifaransa. Niliigeuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ili Mama ajue anachotia sahihi. Alitia. Walimshukuru kwa haraka, wakaenda zao.

Nawachukia wote. Na Metre pia, ingawa namwelewa.

Jumamosi, tarehe 28

Watu wanaokaa karibu na depo wamelalamika. Harufu.

Alhamisi, tarehe 5 mwezi wa tatu

Walichimba shimo nyuma ya depo. Mama aliitwa awe shahidi wa mali yake kutupwa. Nilikwenda naye, sikuomba ruhusa kwa mtu. Vijana walikuwa wamejifunga vitambaa puani. Kila plato ilipoanguka ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayetema mate. Mama hakujifunga kitambaa. Alisimama pale mpaka mwisho, hata walipomwaga chokaa.

Tuliporudi tulimkuta Papa Anselme mlangoni kwake. Alitazama viatu vyetu, akakohoa. Afadhali angecheka.

Mtaani kwetu yai la maskini halipo tena. Ya Papa Anselme yananunuliwa na wenye magari. Mama Prezida mwenyewe sasa anauza sabuni.

Jumapili, tarehe 8

Siku ya wanawake. Barabarani wamepita na vitenge vipya, wauza mayai wote sare moja. Mama alikata kitambaa kile kile mwezi wa kwanza, akakishonesha. Leo alikivaa, akakaa ndani, akakivua.

Jumanne, tarehe 17

Mama anauza sombe sasa, majani ya muhogo. Anatwanga alfajiri, mimi namsaidia kabla ya shule. Mikono yangu ni ya kijani.

Hakimu mpya ni mwanamke. Amesikiliza kesi leo. Sikwenda, maana si yetu tena. Inasemekana hakunywa hata maji.

Shangazi ametuma neno kutoka Marabo. Ameshanitafutia jembe.

Mwalimu wa civisme alisema nieleze darasani jimbo linaweza nini na haliwezi nini. Nilieleza. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Nilisema mtu anaweza kuwa na haki na bado akapoteza kila kitu akiingoja. Mwalimu hakunisahihisha. Solange alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye alinifuata kwenye bomba la maji.

"Gracia, miye sikupiga ile picha."

"Lakini ulishika pua," nikamwambia.

Nilijaza dumu langu nikaondoka. Sijamsamehe. Sitaki kuandika kwamba nimemsamehe.

Ijumaa, tarehe 27

Agizo limesimamishwa! Hakimu amesema kama Katiba inavyosema: jimbo halina uwezo huo.

Nilisikia kabla ya kuambiwa. Wanawake walipanda barabara yetu wakiimba, wakipiga vifuniko vya sufuria. Walipofika mbele ya mlango wetu sauti zilishuka. Wakapita kimya, kama watu wanaopita penye matanga. Walipofika kwa Papa Anselme wakaanza tena, juu kuliko mwanzo.

Mama alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

Nilifurahi na nilichukia wakati mmoja. Sikujua kwamba inawezekana.

Jumamosi, tarehe 28

Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda sokoni.

Mchana Metre alituma picha za uamuzi kwenye simu ya Mama. Hakuandika neno. Mama alinipa simu, akaendelea kuchambua maharagi. Nilisoma pole pole, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili. Yaliandikwa majina ya wote walioshitaki.

"Yangu haiko," akasema.

"Haiko, Mama."

Nikaendelea mpaka mwisho. Aliuliza kama uamuzi ni kwa wale wenye kuandikwa tu. Nilirudi juu, nikasoma tena, kwa sababu sikutaka kumpa tumaini la uongo. Kisha nikamweleza. Agizo lilikataza watu wote, na sasa limesimamishwa lote. Haliwezi kusimamishwa kwa Mama Prezida na kuendelea kwa mwingine. Yeyote anaweza kwenda Mahagi, kuchukua mayai na kupita nayo. Hata yeye.

"Soma pale," akasema.

Nilisoma pale.

Alisema akianza, ataanza na mzigo mdogo sana, wa kubebwa kwenye pikipiki ya mtu mwingine. Dada yake wa Butembo labda atamwamini, amkopeshe. Labda hatamwamini. Alisema itachukua muda mrefu na nisimuulize kila siku. Nikasema sitauliza.

Mvua ilipungua. Tulisikia kuku wa Papa Anselme wakitoka bandani. Mama alisimama, akatia maharagi ndani ya maji.

"Ku Marabo utaenda vakansi tu, masomo ikifungwa," akasema. Alikuwa amenipa mgongo.

Nimewasha makaa. Maharagi yako motoni.