Kitanda cha Daktari Huku Kabazi

Dada yangu Wambui,

Huku Kabazi ni baridi na ukungu, lakini mimi ni mzima. Mzungu ninayemtafsiria ni daktari, anachunguza jinsi misuli ya wazee inavyonyauka. Jana alimlaza nyanya mmoja kitandani nusu saa, atulie kwanza, ndipo apimwe pumzi. Nyanya akalala fofofo.

Leo wanawake wote wa shamba la pareto wamepanga foleni.

“Una miaka mingapi?” nilimwuliza mmoja, mtoto mgongoni.

“Sabini. Mwambie nilale.”

Nilimwona alivyochoka, nikatafsiri sabini. Daktari akampima mikono, akaandika kwa furaha kwamba wazee wa Kabazi hawanyauki kamwe.

Mpikie Mama uji mzito kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ndugu yako,
Kamau