Kivuli Kwenye Mchoro wa Mzizi

3 Machi

Mdogo wangu,

Kabla hata sijakusalimu: ule mlio bado ninao. Ka! Kioo chembamba kilipasuka chini ya lenzi siku ile nilipokuja kukutembelea kwenye kampasi yenu, nikazungusha skrubu kubwa ya hadubini badala ya ndogo. Ulikuwa mlio mdogo kuliko wa kuvunja njiti ya kiberiti, lakini maabara nzima iligeuka, na wewe ukawaambia wenzako, "Msameheni dada yangu, yeye ni mtu wa biashara." Walicheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Haya, hujambo? Kikohozi kimeisha? Mimi mzima, Baba naye mzima, isipokuwa mgongo, maana bado anabeba mabati mwenyewe. Kila Jumamosi nikienda kumsaidia dukani ananiuliza, "Umebakiza mihula mingapi?" kama mtu anayesubiri mzigo wa saruji.

Unakumbuka fomu yangu ya kujiunga na chuo? Niliandika biolojia, akaikata kwa kalamu yake. "Wa kwanza ni wa duka." Miaka miwili baadaye wewe ukaandika neno lilelile, akasaini huku anakunywa chai.

Wiki hii mhadhiri wetu wa fedha ametufundisha gharama ya fursa: kile unachokiacha ili upate ulichochagua. Alitoa mifano ya viwanda. Pembeni ya daftari langu nimeandika: hadubini.

Dada yako


19 Machi

Dada mpenzi, shikamoo.

Mimi sijambo, kikohozi kimekwenda zake. Msalimie Baba, mwambie aache ubishi na mabati. Na wewe, jamani, unanuna mpaka leo? Ulikuwa utani tu!

Sasa nisikilize, nina shida. Somo letu la utangulizi wa biolojia lina daftari la michoro. Kila wiki mchoro mmoja, na michoro hiyo ndiyo nusu ya alama za vitendo. Mkono wangu unaujua: nikichora seli, inatoka kiazi. Nimepiga picha ya ngozi ya kitunguu kwa simu kupitia hadubini, nimeichapisha, hii hapa, pamoja na mwongozo wa maabara. Nichoree kwa penseli, majina ya sehemu nitaandika mwenyewe. Mwalimu wa maabara tunamwita Penseli, kwa sababu anayo sikioni hata akiwa kwenye foleni ya chakula. Hatajua.

Fanya haraka, meneja wangu.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu, hujambo?

Sisi wazima. Nimechora mara nne, nimekutumia wa nne. Nilikaa dirishani tangu asubuhi, na mhadhara wa uhasibu ukanipita nikiwa ndani ya seli ya tano. Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyokaa kimya nikifanya kitu ninachokipenda.

Niambie Penseli atakavyosema.

Dada yako


20 Aprili

Dada, shikamoo, shikamoo tena!

Kumi na nane juu ya ishirini! Penseli aliunyanyua mchoro mbele ya darasa zima akasema, "Tazameni. Huu ndio mkono wa mwanabiolojia." Nilipigiwa makofi, Dada. Ungeniona nilivyovimba! Siku hizi wananiita Profesa, na yule mrefu wa mstari wa mbele ameniomba nimfundishe. Nimemwambia kipaji hakifundishwi.

Safari hii ni ncha ya mzizi. Picha hiyo hapo. Mzima lakini?

Mdogo wako, Profesa


28 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo. Sisi hatujambo. Mchoro huu hapa. Nimeutia kivuli kidogo ili upendeze.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Sikuamkii. Na afya yangu usiiulize.

Kanuni ya pili ya mwongozo wa maabara: mistari mitupu, kivuli hakitiwi. Penseli aliniwekea sifuri, kisha akaniita mbele. "Profesa, hebu tuchoree mwingine hapa." Nikachora kiazi. Darasa lilicheka mpaka yule mrefu akainamia meza. Daftari langu lote limefutwa na somo ninalirudia mwakani.

Mwongozo ulinirudishia pamoja na mchoro. Kanuni ya pili umeipigia mstari kwa mkono wako.

Unadhani niliitaka biolojia? Nina miaka tisa nilikuwa najua bei ya kila msumari. Wateja walikuwa wananiuliza mimi kabla ya Baba. Kisha akasema wa kwanza ni wa duka, nikabaki nimeshika fomu tupu. Nikaandika ulichokitaka wewe. Nilitaka angalau kitu kimoja ambacho ninacho na wewe huna. Na wewe kila Jumamosi unakwenda kukaa kwenye kiti changu, halafu unanuna!

Mdogo wako, upende usipende


21 Juni

Mdogo wangu,

Hukuniamkia, na ni haki yako. Mimi nakusalimu.

Kanuni niliisoma. Kivuli nilikitia taratibu, asubuhi kweupe, kwa penseli laini, huku najua. Uliposifiwa kwa mkono wangu, nilitaka mkono huohuo ukuangushe. Hakuna namna ya kulipamba hilo.

Kuhusu kiti cha dukani, sikujua. Nimekaa hapo miaka mitatu nikitazama saa, na sikuwahi kujiuliza kilikuwa cha nani.

Jumatatu nilikwenda kwa Penseli. Nilichora mbele yake, nikamwambia kitunguu kilikuwa changu na kivuli kilikuwa changu. Sifuri yako hakuifuta. Alisema kudanganya mlidanganya wawili. Jumatano nilikabidhi fomu ya kuhama: biolojia, mwaka wa kwanza, mwanzo kabisa. Wamenikubali. Penseli anataka nikae mstari wa mbele ili auone mkono wangu ukifanya kazi. Fomu za kuhamia biashara zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi, nimekuwekea moja humu.

Ijumaa niliweka ufunguo wa duka juu ya kaunta, nikamwambia Baba ni nani aliyeutaka tangu ana miaka tisa. Nilingoja anifokee. Aliuchukua, akaufuta kwa ncha ya shati. "Yule mdogo?" akasema. "Yule aliyekuwa ananisahihisha bei?" Akacheka, kicheko ambacho Jumamosi zangu zote sikuwahi kumtoa. Nilisimama palepale nikakuonea wivu, mdogo wangu, wivu mpya kabisa.

Akanirudishia ufunguo nikutumie. Nilitembea nao mfukoni siku mbili.

Leo nautia ndani ya bahasha hii, naifunga kwa gundi.

Dada yako