Dumu la Mzee Ndayiragije

Doto, nimejifungia kwenye chumba cha jenereta. Usinipigie, nitalia.

Asali ya kikundi cha wafuga nyuki imekataliwa yote! Mnunuzi kafungua pipa, kanusa, kasema, "Hii ina dizeli."

Dizeli, Doto! Hapa kijijini anayeshinda na dizeli ni mimi, mwendesha mtambo wa umeme.

Mzee Ndayiragije aliniomba dumu la kupelekea asali yake kwenye pipa la kikundi, nikampa la dizeli ya mtambo. Nikamwambia nimeliosha kwa maji moto na sabuni. Uongo! Nililisuuza tu.

Mkutanoni wakamsimamisha, maana dumu lake ndilo lililonuka. "Dumu ulitoa wapi?"

Akanitazama. Mimi nikainamia simu.

"Nililiokota," akasema.

Nililiokota!

Wamemfukuza kwenye kikundi, na mimi nikakimbilia huku.

Sasa hivi kagonga mlango, kanirudishia dumu. Kaliosha mwenyewe. Linang'aa, Doto.