Ng'ombe Apumzike, Mke Apike

Dada mpendwa,

Cherehani imepona, na mwanangu mdogo ameota jino.

Shemeji yako sasa ni mzee wa kanisa. Sabato moja alifundisha kanisani kwamba amri ya Sabato inapumzisha watoto, watumishi, hata mifugo, ila mke hatajwi. Basi awapikie wageni.

Nikasimama. "Yaani ng'ombe ana Sabato, mimi sina?"

"Paulo anasema wanawake mnyamaze kanisani!"

Haya. Sabato iliyofuata wanawake wote tulinyamaza. Wanaume wakaanza wimbo, ukawafia ubeti wa pili. Na jikoni hakuna aliyewasha moto.

Jana kaniomba niongoze kwaya kesho. Nimekubali, ila chakula kipikwe leo Ijumaa, naye asaidie. Namsikia anamenya vitunguu. Analia kweli kweli.

Mdogo wako,
aliyenyamaza mara moja tu