Kila Ubavu Uanzie Kwenye Mkuku

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Kigamboni hatujambo, na mama yako mdogo kajifungua salama.

Unauliza kwa nini boti unayoichora kwenye kompyuta inajisokota. Hata mie yalinikuta, miaka ya tisini, karakana yetu ya boti ilipoleta kompyuta ya kwanza. Nilichora mbavu za boti, ubavu mmoja mmoja, nikaiamuru kompyuta iziunganishe ziwe umbo moja. Lo! Ikatoka boti imepinda kama khanga inayokamuliwa!

Mzee Shomari, fundi wetu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, akachungulia begani kwangu.

"Binti, kila ubavu umeuanzia mahali pake. Sie tunaanzia chini, kwenye mkuku, halafu tunapanda upande uleule."

Nikafuta, nikachora upya kama alivyosema, kila ubavu kuanzia mkuku, ule uti wa chini wa boti. Boti ikanyooka.

Akacheka, akarudi kwenye randa yake. Mie nikashindwa hata kumshukuru. Barua ya kumwachisha kazi, kwamba kompyuta imeshafika na yeye hahitajiki tena, ilikuwa pale mezani chini ya kiwiko changu. Niliichapa mwenyewe asubuhi ile.

Bibi yako,
Mwanaidi