Picha Yako ya Kopo la Biskuti

Mama yangu,

Wajukuu zako wameniuliza tena ulikuwa unafananaje. Nikaitoa ile picha sandukuni, nikawaonyesha. Mdogo wao akaigeuza huku na huku, kisha akasema, "Mama, huyu bibi hana uso." Sikumgombeza, maana kweli hauonekani.

Unaikumbuka asubuhi ile. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kaka Antoni amepata kazi machimboni Mpanda, na lori lilikuwa linaondoka kesho yake. Alitaka aondoke na sura yako, basi. Mzee Salumu, tajiri wake wa dukani, alikuwa na kamera kuukuu ya kukunja, ila panya walishaitafuna ngozi yake na mwanga ukawa unaingia ovyo. Akampa Antoni kipande kimoja cha filamu kilichobaki. Kamera Antoni akaitengeneza mwenyewe kwa kopo la biskuti: ndani akapaka masizi, mbele akatoboa kwa ncha ya sindano, juu ya tundu akabandika kitambaa cheusi cha kufunua na kufunika.

Wewe hukuliamini. Ulilizunguka lile kopo ukauliza, "Na hili nalo linaona?" Kisha ukaingia ndani ukatoka na khanga yako nyekundu. Antoni akakwambia nyekundu itatoka nyeusi. Ukamjibu kwamba wewe utajua ni nyekundu, inatosha. Ulikuwa mbishi, Mama, na nilikupenda hivyo hivyo.

Tundu dogo vile hupokea mwanga kidogo kidogo, kwa hiyo ilikupasa ukae kwenye kigoda bila kutikisika kwa muda wa Baba Yetu moja, isomwe polepole. Kusoma ilikuwa kazi yangu. Antoni akafunua kitambaa, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye mkate wetu wa kila siku, babu akatokea, baba mkwe wako, anatoka shambani Pito na jembe begani. Akaja kusimama pale pale kando ya kigoda.

Nani angebaki amekaa? Ulitoka kigodani ukachuchumaa, ukainamisha kichwa, ukaanza kupiga makofi ya salamu. Nami nikachuchumaa. Antoni naye akaliacha kopo wazi, akachuchumaa. Na babu unamjua: akauliza habari za maharage, akauliza ulezi, akauliza ng'ombe wa jirani, akarudi kwenye maharage. Hakuna aliyethubutu kunyanyuka kwenda kufunika tundu.

Jioni Antoni aliisafisha filamu kwenye stoo ya duka, akarudi na picha mbili, moja yake na moja ya nyumbani. Babu katoka vizuri kabisa, hadi mpini wa jembe. Juu ya kigoda kuna ukungu mwepesi, ndiyo wewe wa mwanzo. Chini yake uko wewe umeinama, khanga nyeusi, mgongo unaonekana barabara, viganja vimekuwa moshi kwa yale makofi. Uso umeuelekeza ardhini.

Antoni alitaka kulia. "Mama, nimekukosa."

"Hujanikosa. Sura yangu unaijua. Haya, funga mzigo wako."

Hukupigwa picha nyingine. Alipokuja likizo na kamera ya kweli shingoni, tulikuwa tumeshakuzika kule Mollo. Alikaa nyumbani likizo nzima na hakupiga picha hata moja.

Mimi nilimnunia babu miaka mingi kwa ajili ya maharage yake, hata baada ya yeye mwenyewe kufariki. Siku hizi hasira imekwisha. Watoto nimewaambia ile khanga ni nyekundu, na kwamba bibi yao aliinama hivyo kwa sababu mkubwa alikuwa anapita. Mdogo akaijaribu ile salamu mbele ya picha, makofi yake hayana mpango. Nikamwelekeza ulivyonielekeza.

Nikwambie ukweli, sura yako imeanza kunitoka. Macho nayakumbuka, mdomo naukosea, na jambo hilo linaniogopesha kuliko ninavyowaambia watu. Mgongo wako, lakini, ningeutambua hata kwenye gulio lililojaa.

Basi siku nitakapofika huko uliko, usiharakishe kunyanyuka. Kaa umeinama vile vile kwanza, nikujue. Halafu ndipo uinue uso.

Ni mimi,
binti yako wa Milanzi